Jubilei ya Mtakatifu Austin Iwataje Waashi

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi chenye mahema. Agosti mwaka huohuo wakafika wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, miongoni mwao Askofu Emile Allgeyer na Padre Alain Hémery. Hawakukaa kwenye matope ya stesheni. Walipanda kuelekea magharibi, kwenye miteremko ya udongo mwekundu, wakaanzisha misheni waliyoiita Mtakatifu Austin. Mahali hapo leo ni Lavington. Misheni yenyewe imevuka miaka 125, na sisi wa Gitothua, Ruiru, tunayo sababu ya kupiga vigelegele pamoja na wenye parokia hiyo, ingawa tuko upande mwingine kabisa wa jiji na wengi wetu hatujawahi kupiga magoti katika kanisa lao.

Sababu moja iko kwenye kikombe. Mwaka 1893 mapadre wa shirika hilohilo walikuwa wamepanda kahawa katika misheni yao ya Bura, milima ya Taita. Ilikuwa aina ya Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Wafaransa kinachoitwa Réunion siku hizi. Kutoka Bura mbegu zilisafiri hadi Mtakatifu Austin, zikasambaa kwenye mashamba ya walowezi, na watu wakaizoea aina hiyo kwa jina la French Mission. Miaka ya 1930 watafiti walichagua mti mmoja uliosemekana kuwa wa ukoo huo huko Loresho, Kabete, wakauzalisha kwa jina la SL34. Kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa kwetu Ruiru kilipotoa Ruiru 11 mwaka 1985, SL34 na Bourbon zilikuwa miongoni mwa mababu zake. Mama zetu waliochuma kahawa kwa debe kwenye mashamba yaliyouzunguka mji huu walikuwa wanachuma matunda ya bustani ya misheni, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Habari ya kahawa husimuliwa mara kwa mara, na ni haki yake. Habari ya mawe ndiyo isiyosimuliwa, na ndiyo ninayotaka jubilei hii iibebe.

Shirika la Roho Mtakatifu lilizaliwa Paris tarehe 27 Mei 1703, siku ya Pentekoste. Mwanzilishi wake, Claude Poullart des Places, alikuwa kijana wa miaka 24, mtoto wa mwanasheria tajiri wa Rennes, aliyeiacha njia ya baba yake akaenda kuishi na wanafunzi maskini waliotaka upadre ila hawakuwa na karo. Sasa tazama ni jiji gani hilo. Mwaka huo wa 1703 kuba la kanisa la Invalides lilikuwa linakaribia kukamilika. Jules Hardouin-Mansart alikuwa amelianza mwaka 1677, na angelikabidhi kwa Mfalme Louis wa 14 mwaka 1706, likiwa na kimo cha mita 107. Nje ya jiji, kwenye jumba la Versailles, kanisa la mfalme lilikuwa bado linapanda. Ujenzi wake ulianza upya mwaka 1699, mchoraji wake, Hardouin-Mansart yuleyule, akafariki mwaka 1708 kabla ya kuliona limekwisha, na shemeji yake Robert de Cotte akalimalizia mwaka 1710. Vijana wa Poullart walikuwa wanakula mkate mkavu katika jiji la nyundo na majukwaa ya ujenzi. Miongo kadhaa baadaye shirika lao lilipopata kanisa la kwao, kwenye mtaa unaoitwa sasa Lhomond, michoro ilitoka kwa Chalgrin, yuleyule aliyekuja kuchora Arc de Triomphe.

Mtindo wa enzi ile huitwa baroki. Waitaliano waliuchezea kwa kuta zinazopinda na kujikunja. Wafaransa waliupokea wakaunyoosha: nguzo kwa hesabu, mistari mirefu inayoishia machoni pa mfalme, kuba moja kubwa linaloonekana kutoka kila upande. Mwaka 1665 Louis alimwita Bernini, bingwa wa Roma, achore upya uso wa jumba la Louvre. Michoro ya mgeni ikawekwa kando, na ukajengwa ukuta wa nguzo uliobuniwa na Wafaransa wenyewe.

Wasanifu wa wakati huo walikuwa na tabia zao. François Mansart, mjomba wa mama yake Hardouin-Mansart, alisifiwa na kulaumiwa kwa jambo lilelile: kubomoa kilichokwisha kujengwa akiona hakijakaa sawa. Alipewa kazi ya kanisa la Val-de-Grâce mwaka 1645, lililotimiza nadhiri ya Malkia Anne baada ya kumzaa Louis, na mwaka uliofuata akaondolewa kwa sababu gharama zilikuwa zinapaa. Mimi huwa upande wa Mansart. Aliye tayari kubomoa ukuta wake mwenyewe anajua ukuta utaishi kuliko yeye.

Louis Le Vau alimjengea Nicolas Fouquet, waziri wa fedha, jumba la Vaux-le-Vicomte, akishirikiana na mchoraji Le Brun na mtaalamu wa bustani Le Nôtre. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme kijana kwenye karamu ya kulionyesha. Mfalme alikula, akatazama chemchemi na fataki, akaondoka. Wiki tatu hazikutimia, Fouquet akakamatwa, na hakuonja tena uhuru hadi kifo. Wale watu watatu mfalme aliwachukua wote akawapeleka Versailles. Ndipo lilipokua lile jumba ambalo ukumbi wake wa vioo, ulioanzwa na Hardouin-Mansart mwaka 1678, una urefu wa mita 73, madirisha 17 na vipande 357 vya kioo.

Haya yote yameandikwa vizuri, na majina yote tunayo. Tunajua nani alichora, nani alilipa, nani alimwonea nani wivu. Lakini shajara za wakuu wa wakati ule zinasema pia kwamba mwaka 1685 watu zaidi ya 36,000 walikuwa kazini Versailles na viungani mwake. Na mwaka 1678 bibi mmoja wa tabaka la juu, Madame de Sévigné, alimwandikia jamaa yake kuhusu mikokoteni iliyokuwa ikitoa maiti za wafanyakazi usiku ili wenzao wasivunjike moyo. Hao 36,000 walikuwa na majina. Mama zao waliwaita kwa majina hayo.

Nina jengo moja la enzi hiyo ninalolipenda kuliko Versailles, nalo ni dogo. Liko Arles, kusini mwa Ufaransa: ukumbi wa kuingilia katika baraza la mji. Hardouin-Mansart alikuwa na miaka 27 alipoletwa mwaka 1673 kutatua tatizo lake. Mji ulitaka watu wapite chini bila nguzo ya katikati, na juu pawe na sakafu ya kawaida, kwa hiyo dari la mawe halikuwa na nafasi ya kupanda kama kuba. Alichora dari la mawe lililokaribia kuwa bapa. Halina chuma kinacholibeba wala nguzo katikati. Kila jiwe limechongwa kwa umbo lake peke yake, mbavu zake zikiegemea mbavu za jirani, na uzito wote unakimbilia kwenye nguzo zilizobanana kutani. Ukilichonga jiwe moja vibaya kwa upana wa ukucha, la pili halikai, na la tatu linaanguka. Mchoro ni wa Hardouin-Mansart, na heshima hiyo ni yake. Hata hivyo kwa vizazi na vizazi waliokwenda Arles kulitazama dari hilo huku wamevua kofia walikuwa vijana wa ufundi, waashi wanafunzi waliokuwa wakizunguka Ufaransa kujifunza kazi, kwa sababu wao walijua kilichofanyika pale kilifanyika kwa patasi.

Ufundi wa namna hiyo ndio uliovuka bahari. Dhahabu na vioo vilibaki kwao.

Mapadre wa kwanza walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava. Shirika la Roho Mtakatifu lilipokea kazi hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akaanzisha misheni ya Bagamoyo. Waliopokewa hapo walikuwa hasa watoto na watu wazima waliotolewa utumwani, na mapema kabisa misheni ikawa na karakana: useremala, uhunzi, uashi. Mashirika ya namna hiyo yalikuwa na mapadre, na yalikuwa pia na mabruda, watawa wasiohubiri madhabahuni, ambao siku yao ilianza kwa sala na kuendelea kwa mwiko na timazi. Mabruda ndio waliopima misingi. Waliobeba, waliochoma chokaa, waliochonga jiwe la matumbawe na kulipanga walikuwa watu wetu, wengi wao jana yake tu wakiwa mali ya mtu.

Mtu akisimama leo forodhani Unguja, ataiona minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ikitokeza juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Wenyeji hulitambua kwa hiyo minara. Hulitaja tu kama Minara Miwili. Lilijengwa kati ya 1893 na 1898. Mombasa, kwenye barabara ya Nkrumah, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu lilijengwa kati ya 1918 na 1923 kwa michoro ya Bruda Gustave Walter wa shirika hilohilo. Kusema kweli, makanisa haya si baroki. La Unguja limefuata mtindo wa Kiromaneski ambao Ufaransa ya karne ya 19 iliufufua, wenye matao ya mviringo na kuta nene. Nayataja hapa kwa sababu ya nidhamu yake. Ingia Minara Miwili saa nne asubuhi jua likiwa kali nje. Utakuta kuta zimemeza joto, mwanga umeingia kutoka juu ukatua pale tu unapotakiwa, na sauti ya mtu mmoja anayesali nyuma inafika mbele bila kupazwa. Jengo la hivyo hutokana na watu waliofundishwa kupima mara mbili kabla ya kukata.

Misheni ya Mtakatifu Austin ndiyo iliyouleta mnyororo huo wa ufundi hadi nyanda za juu. Kutoka hapo mapadre walishuka na kupanda, wakafungua misheni katika nchi ya Wakikuyu na ya Wakamba, na kila walipotua kulitangulia nyumba ya udongo na nyasi, kisha ikafuata ya mawe. Shule waliyoianzisha Kabaa mwaka 1925 ilizaa ile iliyohamia Mang'u, karibu na Thika, jirani zetu kabisa; Tom Mboya alipitia kote kuwili, na Mwai Kibaki alisoma Mang'u. Huwa tunawataja hao wawili kila mara shule hizo zinaposifiwa, na tunafanya vyema. Ila kabla mwanafunzi hajaketi, kuna mtu aliyeinua ukuta wa darasa.

Nikirudi nyumbani Gitothua naona kwa nini jambo hili linanikera na kunigusa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru. Ni mji wa mamia ya maelfu uliosimamishwa haraka, katika maisha ya mtu mmoja, juu ya udongo uliokuwa na kahawa. Shamba linakatwakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, lori linamwaga mawe ya machimbo ya Ndarugo, na kabla masika hayajarudi gorofa ya nne imemwagwa zege. Tunajenga kama watu wanaokimbizwa. Dirisha la chumba linatazama dirisha la jirani kwa umbali wa mkono, na kuna watoto hapa wanaowasha taa saa sita mchana ili wafanye kazi ya shule. Makanisa nayo yanainuliwa kwa mabati na ahadi, sauti ikipigwa na spika kubwa kwa sababu ukumbi haukuwahi kufikiriwa kwa sikio. Watu wana njaa ya nyumba na kodi ni ghali, nalielewa hilo. Lakini mwanga haulipiwi. Hewa hailipiwi. Vyote viwili vinahitaji mtu wa kuvifikiria kabla msingi haujachimbwa, na mwashi wa kutekeleza kilichofikiriwa.

Na waashi tunao. Jumamosi moja nilisimama kando ya mjengo upande wa Kihunguro nikimtazama fundi mmoja mzee akichagua mawe. Lori lilikuwa limeyamwaga ovyo, ya inchi 9 kwa 9, yale ya kijivu yaliyokatwa kwa mashine huko Juja. Kila alilolishika aliligonga kwa mpini wa nyundo, akainamisha kichwa. Mengine aliyaweka kulia, mengine kushoto.

"Unasikiliza nini, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Hili linalia kama kengele," akasema, akaligonga tena ili nisikie. "Hili jingine linalia kama gunia. Ndani lina ufa. Hata likipendeza usoni, halibebi kitu."

Yale ya gunia yalikuwa theluthi moja ya lundo hivi. Mwenye mjengo alikuwa ameyalipia yote, na kijana wa msimamizi alikuwa anamhimiza ayapange tu, yafunikwe na plasta. Mzee hakubishana naye. Aliendelea kuligonga jiwe moja baada ya jingine. Alipofika kwenye upande wa dirisha alivuta uzi, akaning'iniza timazi, akasubiri hadi risasi ikaacha kuyumba. Upepo ulikuwa unavuma, kwa hiyo alisubiri sana. Nikawaza dari la Arles, na Mansart aliyefukuzwa kwa kubomoa.

Kwa hiyo tunawaomba wana jubilei jambo moja. Shirika la Roho Mtakatifu lilikuwa na desturi nzuri: kila jumuiya ilitunza shajara, mkuu wake akiandika nani amefika, nani ameugua, nini kimepandwa, ukuta gani umeanza. Hifadhi kuu ya shirika iko Chevilly-Larue, kando ya Paris. Shajara hizo zisomwe upya kwa macho ya mwashi. Popote palipotajwa mtu aliyechonga, aliyebeba, aliyechoma chokaa au kuranda mbao, hata akiwa ametajwa kwa jina la ubatizo pekee, jina hilo litolewe na liandikwe kwenye kitabu cha jubilei, kwa herufi zilezile walizopewa maaskofu. Mabruda nao waandikwe, maana hata ndani ya shirika lao wao ndio wanaosahaulika mapema. Na familia za Kiambu, Murang'a, Machakos na Taita ambazo babu zao walifanya kazi misheni ziulizwe sasa, kabla wazee waliobaki hawajaondoka na majina hayo.

Si kazi ya gharama. Wanafunzi wa usanifu majengo wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja wanaweza kuifanya wakiwa likizo, wakapima kuta za misheni za zamani, wakachora madirisha yake na kuandika jinsi mwanga unavyoingia asubuhi na jioni. Wakirudi hapa kuchora gorofa za Ruiru watakuwa na kitu mkononi kilichopimwa kwenye udongo huu, kwa jua hili. Sidhani kama kuna zawadi bora ambayo misheni ya miaka 125 ingeweza kuupa mji unaojengwa usiku na mchana.

Kwa Mtakatifu Austin tunasema hongera, na asante kwa kahawa, kwa shule, kwa kuta zilizonyooka. Wapige kengele zao, waimbe, wapokee wageni wao.

Fundi wangu wa Kihunguro alimaliza upande wa lile dirisha karibu saa kumi na moja. Alipiga hatua mbili nyuma, akafumba jicho moja, akaridhika. Kisha akaokota kipande cha makaa kwenye jiko walilopikia githeri, akainama, akaandika kwenye jiwe la ndani jina lake na nambari yake ya simu, kwa herufi kubwa, mahali ambapo plasta ingepita wiki iliyofuata.